Dawa na vyandarua vya mbu madukani Lamu: cha kununua na cha kuacha

Katika maduka ya Usita wa Mui, kutoka Mkomani hadi Langoni, bidhaa za mbu hupangwa karibu na viberiti na sabuni: koili za kuchoma, makopo ya kupuliza, mafuta ya kupaka, vyandarua vilivyokunjwa vikabanwa mifukoni, na siku hizi vidude vya umeme vya kuchomeka ukutani. Masika yakikaribia mzigo huongezeka, na mteja huondoka na kile alichozoea. Hapa tunaviangalia kwa kigezo kimoja: kila kimoja kinamzuia mbu gani, saa ngapi, na katika nyumba ya namna gani. Kwa kigezo hicho, vitu kadhaa vinavyouzwa sana havifai kitu, na baadhi ya vinavyofaa zaidi haviko kabisa kwenye rafu ya mbu. Viko kwa fundi cherehani, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na ndani ya birika la jirani mwenye visamaki, yaani lile tangi la maji linalojengwa chooni.

Tuanze na mbu wenyewe, maana bila kuwajua utanunua kwa kubahatisha. Anofelesi, anayeleta malaria, huuma usiku, zaidi kuanzia mwendo wa saa nne hadi alfajiri. Akitua ukutani huinua sehemu ya nyuma juu, kama msumari uliopigwa upande. Kuleksi, yule wa rangi ya udongo anayevuma sikioni, naye ni wa usiku. Huzaliwa kwenye mashimo ya vyoo na maji machafu, na yeye pamoja na anofelesi ndio wanaosambaza minyoo ya matende na mabusha hapa pwani. Wa tatu ni aedesi, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeleta dengi na chikungunya. Huyu ni wa mchana: asubuhi jua likishachomoza, na tena alasiri mpaka magharibi. Hujificha chini ya kitanda na nyuma ya nguo zilizotundikwa, huuma vifundo vya miguu, na mara nyingi husikii mlio wake. Hazaliwi kinamasini. Huzaliwa kwenye maji safi uliyoyaweka mwenyewe ndani ya nyumba.

Ndiyo maana chikungunya iliyoipiga Lamu mwaka 2004 ilikuja wakati wa ukame. Maji yalipokuwa haba, watu waliyaweka akiba kwenye mapipa, mitungi na mabirika kwa siku nyingi bila kuyamaliza, na mbu akapata pa kuzalia. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba robo tatu ya wakazi wa kisiwa, watu kama 13,500, waliambukizwa. Dengi nayo si ngeni kwetu: Malindi na Kilifi iliwafika mwaka 1982, na mwaka 2021 iliripotiwa Mombasa na Lamu. Anayewasha koili saa tatu za usiku akadhani amejikinga, mbu wa mchana amekwisha kumaliza kazi yake tangu alasiri.

Chandarua

Hiki ndicho cha kwanza, na huenda usihitaji kukinunua. Kliniki za serikali za wajawazito na watoto wachanga hutoa chandarua chenye dawa bila malipo, na ugawaji wa jumla katika maeneo yenye malaria hupangwa kwa hesabu ya kimoja kwa kila watu wawili. Ulizia zahanati kwanza.

Madukani ziko aina mbili, na si kila muuzaji anazitofautisha. Moja ni chandarua chenye dawa ya kudumu, ambacho dawa yake (deltamethrini au permethrini, zote zimetengenezwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto) imetiwa kiwandani kwenye nyuzi zenyewe. Lebo iliyoshonewa pembeni hutaja jina la dawa na kiasi chake. Nyingine ni chandarua kitupu, mara nyingi cha duara, cheupe au cha waridi, chenye lesi, kizuri kwa macho. Kisicho na lebo ya dawa kihesabu kuwa kitupu, hata muuzaji akiapa. Tofauti huonekana usiku wa manane: kwenye kitupu, mbu hutua akasubiri mpaka goti au kiwiko kiguse wavu, akadunga kupitia tundu. Kwenye chenye dawa, anayetua hufa au hukimbia, hata kama pana kipasuko kidogo. Kwa kuwa mbu wa sehemu nyingi wamekwisha kuizoea dawa ya jamii ya pareto, ukikuta lebo yenye herufi PBO pamoja na dawa ya kawaida, chukua hicho. PBO yenyewe haiui. Kazi yake ni kuondoa ile nguvu anayotumia mbu kuivunja dawa mwilini mwake.

Cha duara hupendwa kwa sababu kinataka ndoano moja tu. Ila hufunguka kama mwavuli, kuta zake huteremka kwa mshazari, na anayelala pembeni hugusana nacho kwa bega au nyayo usiku kucha. Cha mstatili kinataka kamba nne, na kuta zake husimama wima. Kwa kitanda cha samadari chenye nguzo, cha mstatili ndicho chake: kifunge kwa upande wa ndani wa nguzo, ili nguzo zibaki nje na wavu usikwaruzike kwenye nakshi.

Vipimo husemwa kwa futi, 4 kwa 6, 5 kwa 6, 6 kwa 6, na hivyo ni vya godoro. Kinachosahaulika ni kimo. Vyandarua vingi vya kugawiwa vina kimo cha sentimita 150 hadi 180, na samadari la Lamu ni refu. Ukikifunga juu kabisa, pindo linaweza kuning'inia bila kufika chini ya godoro, na mbu akapita hapo kwa raha zake. Pima kutoka utakapofunga kamba mpaka usawa wa godoro, kisha ongeza sentimita 30 za kuchomeka. Kikipungua usikivute, maana pembe zitararuka ndani ya wiki. Ama shusha kamba, ama mpelekee fundi cherehani akuongezee pindo la marikani la sentimita 40 hadi 50 kuzunguka chini yote. Marikani haina dawa, lakini hilo halidhuru: mbu anayemtafuta aliyelala hutua zaidi juu, kwenye paa la chandarua. Nacho kitambaa hicho kigumu huvumilia kuchomekwa na kuchomolewa kila siku kuliko wavu mtupu. Kazi hii fundi huimaliza kwa saa moja, na huongeza maisha ya chandarua kuliko jambo lolote lingine tunalolijua.

Kabla hujalipa, kunjua kipande. Kiwango cha kawaida cha wavu ni matundu 156 kwa inchi ya mraba, yaani ukiweka rula uhesabu angalau 12 ndani ya inchi moja. Unene wa uzi huandikwa kwa denia: 75 ni mwembamba na laini, 100 ni mgumu. Penye watoto wanaorukaruka kitandani, chukua 100.

Kipya kianikwe kivulini saa 24 kabla ya kulaliwa, la sivyo uso na macho vinaweza kuwasha siku ya kwanza. Juu ya kufua ndipo watu wanapokiua chandarua kizuri bila kujua. Dawa yake imetengenezwa kuvumilia mifuo 20 hivi, na chandarua chenyewe huhesabiwa miaka 3. Ukikifua kila wiki mbili, mifuo hiyo inaisha katika miezi 10. Ukikifua mara moja kila miezi mitatu, dawa inakaa mpaka wavu wenyewe uchakae. Tumia maji ya baridi na sabuni ya mche, bila jiki, bila kukipiga jiweni, na uanike kivulini, maana jua hula dawa. Maji ya kufulia yamwage shimoni, mbali na kisima na mbali na birika. Pareto ya kiwandani huua samaki kwa kiasi kidogo mno, na baharini ni vivyo hivyo.

Mara moja kwa mwezi, zima taa, ingia na tochi, na umweke mtu nje atazame. Mwanga hutoka kwenye matundu usiyoyaona mchana. Lenye ukubwa wa kidole gumba shona kwa uzi wa kawaida. La ngumi litie kiraka kutoka kwenye chandarua cha zamani. Yakishakuwa kadhaa ya kupitisha kichwa, kibadilishe.

Katika joto la kaskazi, Februari na Machi, watu hulala darini chini ya makuti na kuacha chandarua chumbani. Fito nne zilizosimikwa kwenye madebe ya mchanga, zikafungwa kamba juu, zinabeba chandarua cha mstatili bila msumari wowote. Pindo lichomekwe chini ya mkeka au godoro.

Kwa mtoto mchanga, kile chandarua kidogo kinachokunjuka kama kawa la chakula kinafaa sana, kwa sababu hutumika mchana. Mtoto hulala asubuhi na alasiri, saa zile zile za aedesi, na hapo chandarua cha kitandani huwa kimekunjwa juu. Kagua pindo lake la chini lilale sawa sakafuni; kikiwekwa juu ya mkeka uliokunjamana huacha pengo.

Mafuta ya kupaka

Kwa mchana, hii ndiyo kinga iliyo ndani ya uwezo wa kila mtu, na hapa lebo isomwe kuliko popote. Harufu kali si nguvu. Tafuta jina la dawa na asilimia yake. DEET ya asilimia 20 hadi 30 hukaa saa 4 hadi 6. Ya asilimia 10, kama saa 2. Asilimia ikipanda inarefusha muda, haimfukuzi mbu zaidi, na kupita 50 unalipia bure. Pikaridini ya asilimia 20 hukaa karibu saa 8, haina mnato wala haiharibu plastiki. Ukiipata chukua hiyo. Muda wote huo hupungua kwa jasho, na Lamu jasho halikosekani. DEET huyeyusha miwani ya plastiki, kioo cha saa na rangi ya kucha, na huharibu baadhi ya vitambaa vya kiwandani, kwa hiyo ijaribu kwanza upande wa ndani wa pindo la buibui.

Jambo ambalo lebo haitakwambia: udhu huiondoa. Uso, mikono mpaka viwiko na miguu mpaka vifundo ndipo hasa aedesi anapouma, na ndipo panapooshwa kabla ya alasiri na kabla ya magharibi, saa zake za kuuma. Aliyepaka saa nane mchana akatawadha kwa ajili ya alasiri, ametoka msikitini bila kinga. Paka baada ya udhu, kila mara, hata kama lebo inasema saa 8.

Paka ngozi yote iliyo wazi, safu nyembamba. Sehemu ndogo uliyoiruka ndiyo itakayoumwa. Usoni usipulize, weka kiganjani kwanza, kisha pakaza ukiepuka macho na midomo. Ukitumia mafuta ya kuzuia jua, hayo yatangulie yakauke, ya mbu yafuate juu yake. Usipake chini ya nguo wala juu ya jeraha. Mtoto wa chini ya miezi 2 asipakwe DEET kabisa, na mtoto mkubwa asipakwe viganjani, maana vidole huishia mdomoni. Usiku, kabla ya kuingia chandaruani, oga uitoe.

Mafuta ya mchaichai, ya mwarobaini yaliyochanganywa na ya nazi, na majani ya kivumbasi yaliyosagwa yanafukuza mbu kweli, ila kwa muda mfupi, mara nyingi chini ya saa moja au mbili. Yanafaa kwa kukaa barazani baada ya magharibi. Hayafai kwa aliye kazini mchana kutwa, kwa sababu atasahau kupaka upya. Na usichanganye mambo mawili: dawa inayoitwa PMD hutoka kwenye mkaratusi wenye harufu ya limau, nayo ni imara, ingawa haifai kwa mtoto wa chini ya miaka 3. Mafuta ya mkaratusi ya kuchua kifua si dawa hiyo.

Moshi, makopo na umeme

Koili huwaka saa 8 hivi, na pakiti ya kawaida ina 10. Hesabu mwenyewe: miaka 3 ni usiku 1,095, kwa hiyo chumba kimoja kitakula pakiti karibu 110 kwa muda ambao chandarua kimoja kingekuwa bado kinafanya kazi. Halafu kuna kifua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima moshi wa koili ukakuta kwamba moja hutoa chembechembe laini sawa na sigara 75 hadi 137. Katika chumba cha ndani cha nyumba ya mawe, chenye kuta nene na bila dirisha la nje, moshi huo hauna pa kutokea. Hatuipendekezi ndani hata kidogo, na zaidi penye mtoto au mwenye pumu. Nje, kwenye daka au barazani, inasaidia kama upepo ni mdogo: weka mbili, moja kila upande, kwa upande upepo unakotokea. Iketi juu ya kibati chake ndani ya sahani ya mchanga, mbali na mapazia na mikeka. Chini ya paa la makuti usiiwashe kamwe.

Kopo la kupuliza lina kazi moja inayofaa: kuwatoa aedesi waliojificha. Funika chakula, mitungi na birika, toa watu na ndege wa kufuga, funga milango, puliza chini ya kitanda, nyuma ya kabati na nyuma ya nguo zilizotundikwa, si katikati ya hewa kama wanavyofanya wengi. Subiri dakika 20, kisha fungua kila kitu upepo upite kabla hujaingia kukaa. Halina kinga ya kubaki. Mbu wa jirani wataingia jioni hiyo hiyo. Kwenye kopo au koili yoyote tafuta namba inayoanza na PCPB, ya bodi inayosajili dawa za wadudu Kenya. Isiyo na namba hiyo iache hapo hapo dukani.

Vichupa vya dawa vinavyopashwa moto kwa umeme hufanya kazi katika chumba kilichofungwa, umeme ukiwepo. Vile vidude vinavyodaiwa kutoa sauti isiyosikika havifanyi kazi. Mapitio ya mwaka 2007 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia tafiti za afya, yalikusanya majaribio 10 ya uwanjani, na idadi ya mbu waliotua mwilini haikupungua. Taa za buluu nazo hukamata nondo na vipepeo wa usiku. Mbu wa kuuma hufuata pumzi ya mtu na joto la mwili. Pesa hiyo nunua feni. Mbu hana nguvu ya kuruka dhidi ya upepo, na feni ya chini iliyoelekezwa miguuni wakati wa kula humsumbua aedesi.

Birika, tangi na vifuu

Hapa ndipo pesa kidogo inapofanya kazi kubwa, na pasipo na tangazo hata moja la biashara. Nyumba za mawe za Amu, yaani mji wa Lamu, zilikuwa na jibu kabla ya koili kufika: visamaki ndani ya birika la chooni. Wawili mpaka watano wanatosha birika la kawaida, na hawanunuliwi. Huombwa kwa jirani. Wabebe kwenye maji yao wenyewe. Kama birika limejazwa maji yaliyotiwa klorini, yaache wazi siku nzima kabla ya kuwatia. Usiwalishe, maana samaki aliyeshiba huacha viluwiluwi. Wakifa, sababu huwa moja kati ya chache: jiki iliyosugulia sakafu ikachuruzika, kata yenye sabuni iliyochovywa ndani, dawa ya kupuliza iliyopigwa birika likiwa wazi, au maji ya kufulia chandarua.

Ili ujue kama wanafanya kazi, simama kando ya birika na tochi, utulie dakika moja. Viluwiluwi hujining'iniza kichwa chini karibu na uso wa maji, na kivuli chako kikipita hujipindapinda kuelekea chini. Ukiona vingine vilivyojikunja kama alama ya mkato (,), vinene upande wa kichwa, hao wamebakiza siku mbili hivi kuruka. Usingoje siku yako ya kusafisha, mwaga leo.

Kumwaga peke yake hakutoshi. Aedesi hubandika mayai yake ukutani, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo huvumilia ukavu kwa miezi. Birika lililokaushwa na kujazwa tena bila kusuguliwa linatoa mbu wapya. Shika brashi ngumu, anza kwenye alama ya maji upande juu kiasi cha shibiri moja, zunguka lote, kisha suuza umwage. Kutoka yai hadi mbu kwa joto letu ni siku 7 hadi 10, kwa hiyo ifanye siku ile ile kila wiki. Mapipa na mitungi ni vivyo hivyo.

Kifuniko cha mbao hupinda na kuacha mwanya. Kitambaa cha wavu kilichofungwa kwa utepe wa mpira wa tyubu ya baiskeli hukaza vizuri zaidi. Kivute kiwe kama ngozi ya ngoma. Kikilegea katikati, mvua hujaa hapo na kikageuka kuwa birika jingine. Kwenye tangi la plastiki kuna milango mitatu ya mbu: kifuniko, bomba la kutolea hewa na bomba la maji yanayofurika. Nunua nusu mita ya wavu mtupu, usiwe wa chandarua chenye dawa, ufunge mabomba yote mawili. Vibano vya chuma huliwa na chumvi ya bahari mapema; utepe wa mpira hubadilishwa bila fundi. Kwa jabia zilizo wazi za kisiwa cha Pate, yaani matangi makubwa ya kukingia maji ya mvua, samaki ndiyo njia.

Masika yakianza, zunguka nyumba kila baada ya mvua: vifuu, maganda ya madafu, makopo, matairi, vyungu vya maua, na mashua zilizopandishwa pwani zikakusanya maji ya mvua tumboni. Kifuu kimoja chenye vijiko vitatu vya maji kinatosha kukuza mbu. Vifuu vichomwe jikoni au vipinduliwe.

Maji yasiyomwagika wala kufugiwa samaki yatiwe Bti, vijidudu vinavyoua viluwiluwi bila kumdhuru mtu, samaki wala punda. Hufanya kazi kwa kuliwa, na wale wenye umbo la mkato hawali tena, kwa hiyo siku mbili tatu za kwanza utaona mbu wakitoka, usidhani imeshindwa. Rudia kwa muda uliotajwa kwenye pakiti. Afisa wa afya ya umma anaweza kutoa chembe za temefosi za asilimia 1: kipimo ni gramu 1 kwa lita 10, yaani gramu 20 kwa pipa la lita 200. Mafuta ya taa usimwage. Huharibu maji na hayadumu.

Malindi tatizo lina sura nyingine. Watafiti waliochunguza maji ya mjini humo walikuta mabwawa ya kuogelea yaliyoachwa bila matunzo ni mazalia makubwa ya mbu, pamoja na anofelesi. Bwawa lenye klorini ya kutosha halizalishi. Lililoachwa litolewe maji mpaka chini kabisa, pamoja na kile kidimbwi kinachobaki upande wa kina, au litiwe samaki.

Kuleksi wa chooni huzuiwa kwa kuziba nyufa za sakafu ya shimo na kufunga wavu juu ya bomba la kutolea hewa. Kule Makunduchi, Unguja, punje za polistirini zilimwagwa mashimoni miaka ya 1980, zikatanda juu ya maji, na kuleksi wakapungua mno.

Wavu wa madirisha ni wa mwisho kwa sababu nyumba yenye kiwanda, yaani ua wa ndani, kilicho wazi juu haifungiki. Funga chumba cha kulala tu. Wavu wa chuma huoza kwa kutu, wa alumini huvumilia zaidi, wa nyuzi za kioo haushiki kutu. Fundi seremala aweke fremu inayotoka, ili ioshwe vumbi. Wavu uliojaa vumbi huzuia upepo, na mwenye nyumba huishia kuung'oa.

Duka la dawa

Homa ikija, nunua kipimo kabla ya dawa. Kipimo cha malaria kikionyesha hakuna, bado dengi na chikungunya hazijatoka mezani. Mpaka daktari aseme, dawa ya maumivu iwe paracetamoli peke yake: kwa mtu mzima vidonge 2 vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziache rafuni hata viungo vikiuma vipi, maana kwenye dengi huongeza hatari ya kutoka damu. Maji ya dafu, uji na maji ya chumvi na sukari ya pakiti anywe kwa wingi. Siku ya 3 hadi ya 7, homa inaposhuka, ndipo pa kuangalia: tumbo kuuma sana, kutapika kusikokoma, damu kwenye fizi au puani, kuhangaika au kulegea. Moja tu kati ya hizo, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Na chandarua chake kisikunjwe baada ya alfajiri. Wiki ya kwanza virusi vimo damuni, na aedesi atakayemuuma mchana huo ndiye atakayewauma wengine wa nyumbani baada ya siku kumi hivi. Kiteremshwe na kuchomekwa chini ya godoro mchana kutwa, mpaka homa imalize siku zake.